Namba Hii Ni Ndoo au Kilo? Mwongozo wa Kuandikia Metadata Programu Yako ya Utafiti

Ukiishi Kigoma na watu wakakujua kuwa unaelewa kompyuta, watafiti watakufuata tu: wa dagaa, wa sokwe, wa malaria, wa kina cha maji ya ziwa. Maswali yao huwa yale yale. Programu yangu ina mistari themanini, nayo inahitaji metadata? README (faili la maelezo linalokaa na programu) si inatosha? Nikishaiweka GitHub, tovuti ya kuwekea msimbo, si imehifadhiwa tayari? Nimeona niyajibu yote hapa, hatua kwa hatua, ili anayeanza aweze kukaa jioni moja na kumaliza.

Metadata ninayoizungumzia ni maelezo mafupi yanayokaa pamoja na programu: inaitwaje, imeandikwa na nani, inafanya nini, inahitaji nini, ni toleo lipi, ina leseni gani, na mahali gani haipaswi kuaminiwa. Nadharia inaishia hapo.

Kwanza nieleze kwa nini naling'ang'ania jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa skripti (programu fupi) ya lugha ya R iliyobaki kutoka mradi uliokwisha. Ilisoma takwimu za mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga: tarehe, mtumbwi, saa ya kurudi, uzito wa dagaa. Niliiendesha, ikatoa grafu nzuri kabisa iliyoonyesha kuwa mitumbwi mingi hurudi adhuhuri. Nikaipeleka mwaloni Kibirizi kwa mzee mmoja anayeandika takwimu pale.

"Shikamoo mzee. Hebu tazama hii."

"Marahaba." Akaitazama kwa muda. "Mwanangu, dagaa gani hao wanaoletwa jua likiwa utosini?"

Daftarini paliandikwa 12. Kwa mzee yule, na kwa kila mtu pale mwaloni, 12 ya mtu anayetoka kuvua ni saa kumi na mbili alfajiri. Programu ilisoma 12:00, yaani saa sita mchana. Aliyeiandika alilijua hilo, na alikuwa akizibadilisha saa kwa mkono kabla ya kuziingiza. Hakuandika popote, na simu yake ilikuwa haipatikani tena. Safu ya uzito nayo, tulipoichimba, tulikuta kuna miezi iliyoandikwa kwa kilo na miezi iliyoandikwa kwa ndoo.

Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini, mfikirie msomaji mmoja tu: mtu atakayeipata programu yako na asiweze kukupigia simu.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Programu yako ikiwa kwenye folda moja. Kama vipande vyake vimetapakaa kwenye flashi tatu na barua pepe, vikusanye kwanza.
- Akaunti ya GitHub au GitLab.
- Namba ya ORCID. Ni namba ya utambulisho wa mtafiti yenye tarakimu 16, hutolewa bure, na kujiandikisha ni kazi ya dakika chache. Majina yetu hujirudia sana na hupinduliwa sana: leo umeandikwa kwa jina la baba mbele, kesho nyuma. Namba haipinduki.
- Kihariri cha maandishi matupu. Notepad inatosha. Usitumie Word, kwa sababu hubadilisha alama za nukuu kuwa zile zilizopinda, na mashine haizisomi.
- Kibali cha mwajiri au kiongozi wa mradi kuitoa programu hadharani. Ukikipata kwa maandishi, kitunze.
- Mtu mmoja ambaye hajawahi kuiona programu hiyo. Utamhitaji mwishoni.
- Bando kidogo. Karibu kazi yote hufanyika bila intaneti. Utaunganisha tu siku ya kupakia.

Hatua ya 1: Safisha folda

Fungua kila faili. Ondoa nywila, namba za simu za wavuvi, majina ya wagonjwa, na takwimu ghafi ambazo huna ruhusa ya kuzitoa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo haiulizi kama ulikusudia. Ukifanya kazi Gombe au Mahale, angalia pia kama skripti haijabeba alama za GPS za viota vya sokwe au njia zao. Jangili naye anajua kutafuta mtandaoni.

Onyo: Git, chombo kinachotunza historia ya msimbo, hukumbuka. Ukiliondoa leo faili lenye nywila, bado liko kwenye historia ya jana. Kama liliwahi kuingia, badilisha nywila yenyewe, kisha anzisha folda mpya isiyo na historia hiyo kabla ya kuitoa hadharani.

Hatua ya 2: Andika sentensi moja ya utambulisho

Hapa ndipo wengi huandika maneno makubwa yasiyosema kitu. Mfano niliousoma mara nyingi: "Programu ya kisasa ya kuchakata takwimu za uvuvi." Msomaji hajui kama inamfaa au haimfai. Linganisha na hii: "Skripti ya R inayosoma takwimu za kila siku za mwaloni katika CSV na kukadiria uzito wa dagaa waliovuliwa kwa mtumbwi kwa usiku, upande wa Kigoma wa Ziwa Tanganyika." Inasema inapokea nini (CSV ni faili la jedwali la maandishi matupu), inatoa nini, na wapi.

Ongeza sentensi ya pili inayosema isichofanya: "Haikadirii idadi ya samaki waliobaki ziwani." Usiione aibu sentensi hii. Itamwokoa mwenzako wiki nzima.

Hatua ya 3: Andika yale ambayo kila mtu hapa anayajua

Nitakaa hapa muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu fomu za metadata hazina kisanduku cha mambo haya, na ndiyo yanayovunja programu ikihama mikono. Yaandike kwenye README chini ya kichwa "Yanayochukuliwa kuwa kweli", na yafupishe kwenye maelezo ya mafaili ya hatua zinazofuata.

*Saa.* Taja wazi kama ni saa za Kiswahili au za tarakimu 24. Andika pia saa za eneo. Ziwa Tanganyika lina nchi nne: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Sisi tuko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa. Wenzetu wote wa pwani nyingine za ziwa hili wako UTC+2. Mtumbwi ukionwa saa ileile na mtu wa Kigoma na mtu wa Uvira, Kongo, madaftari yao yatatofautiana kwa saa nzima.

*Usiku.* Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na usiku mmoja una tarehe mbili. "Usiku wa Jumatatu" kwa mmoja ni ule wa kuamkia Jumatatu, kwa mwingine ni ule wa kuamkia Jumanne. Chagua moja, kisha andika: "Tarehe ni ya asubuhi ya kurudi."

*Kipimo.* Ndoo ya lita ngapi? Imejaa hadi ukingoni au na kichuguu? Dagaa wabichi au waliokaushwa? Andika umetumia kilo ngapi kwa ndoo moja na namba hiyo umeipataje. Kama uliwapima mwenyewe kwenye mizani, taja siku na idadi ya ndoo ulizopima.

*Jina la samaki.* Neno dagaa peke yake halitoshi. Dagaa wa Ziwa Victoria ni *Rastrineobola argentea*. Wa huku kwetu ni *Stolothrissa tanganicae*, na mara nyingi wamechanganyika na *Limnothrissa miodon*. Dagaa wa baharini ni wengine kabisa. Mwenzetu wa Bujumbura anatafuta kwa neno ndagala, wa Mpulungu, Zambia, anatafuta kapenta. Jina la kisayansi liwe la lazima, ya kienyeji yafuate kama maneno ya kutafutia.

*Sifuri na nafasi tupu.* Mtumbwi ulioingia ziwani ukarudi mtupu si sawa na mtumbwi ambao haukwenda. Mwaka 2024, upande wa Tanzania, ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Programu itakayosoma miezi ile kama sifuri itatangaza kuwa dagaa wamekwisha! Eleza programu yako inavyozisoma siku za mbalamwezi, siku za ziwa kufungwa, na siku ambazo mwandishi wa daftari alikuwa na udhuru.

*Alama ya desimali.* Wenzetu wanaotumia Kifaransa huandika 12,5 pale tunapoandika 12.5. Taja unayoitegemea.

Kama kazi yako si ya samaki, tafuta mambo kama haya ya kwako. Kwa wa malaria ni "homa" kwa maana ipi na kipimo kipi. Kwa wa sokwe ni nini kinachohesabiwa kuwa kundi. Kwa wa kina cha maji ni sifuri ya kipimo inaanzia wapi. Njia nzuri ya kuyapata ni kumsomea takwimu zako mtu anayeziandika uwandani na kumwomba akusimamishe kila anapoona kitu kinachohitaji maelezo.

Hatua ya 4: Weka leseni

Programu isiyo na leseni, hata ikiwa hadharani, haki zote zimebaki kwa mwenyewe. Mtu mwaminifu ataiacha. Weka faili linaloitwa LICENSE lenye maandishi kamili ya leseni, na kwenye metadata tumia kifupi chake cha SPDX (orodha ya kimataifa ya vifupi vya leseni) kama kilivyo, herufi kwa herufi: `MIT`, `Apache-2.0`, `BSD-3-Clause`, `GPL-3.0-or-later`.

Kwa skripti ndogo za utafiti mimi hushauri MIT, kwa kuwa ni fupi na haimbani mtu. Ukitaka anayeiboresha na kuisambaza naye alazimike kuacha msimbo wazi, chukua GPL. Kama umechukua vipande vya msimbo wa mtu mwingine, soma leseni yake kwanza, maana huenda imekuamulia tayari.

Hatua ya 5: Ipe namba ya toleo na tarehe

Majina kama `hesabu_mwisho_mwisho2.R` yaishie leo. Anza na 1.0.0. Ukirekebisha kosa dogo, 1.0.1. Ukiongeza uwezo bila kuharibu wa zamani, 1.1.0. Ukibadilisha kiasi kwamba takwimu za jana hazisomeki tena, 2.0.0.

Tarehe iandikwe mwaka kwanza: 2025-04-03. Ukiandika 03/04/2025, Mmarekani atasoma Machi 4.

Hatua ya 6: Tengeneza faili la CITATION.cff

Faili hili humwambia mtu na mashine jinsi ya kuitaja programu yako kwenye makala. Lihifadhi kwenye folda kuu kwa jina hilo hilo, herufi kubwa na ndogo kama zilivyo. Hivi:

```
cff-version: 1.2.0
message: "Ukitumia programu hii, itaje kama ilivyoandikwa hapa."
type: software
title: "Hesabu ya Dagaa wa Mwaloni"
authors:
  - family-names: "JINA LA UKOO"
    given-names: "JINA LAKO"
    orcid: "https://orcid.org/WEKA-NAMBA-YAKO"
version: "1.0.0"
date-released: "2025-04-03"
license: MIT
abstract: "Hukadiria uzito wa dagaa kwa mtumbwi kwa usiku.
  Saa za takwimu ni za tarakimu 24, UTC+3. Uzito ni kilo
  za dagaa wabichi. Tarehe ni ya asubuhi ya kurudi."
keywords:
  - "Stolothrissa tanganicae"
  - "Ziwa Tanganyika"
  - "dagaa"
  - "kapenta"
  - "ndagala"
```

Maneno ya kushoto mwa nukta pacha usiyatafsiri wala kuyabadilisha. Hayo ni ya mashine. Ya kulia ni yako. Yaandike kwa Kiswahili bila wasiwasi, kisha ongeza maelezo mafupi kwa Kiingereza, na kwa Kifaransa kama unaye wa kukusaidia, kwa ajili ya wenzetu wa ng'ambo ya ziwa.

Makosa ninayoyaona hapa kila mara:

- Kutumia kitufe cha Tab. Faili hili limeandikwa kwa mpangilio wa YAML, nao haukubali Tab kusogeza mistari. Tumia nafasi mbili.
- Kichwa chenye nukta pacha kisichofungwa kwa alama za nukuu. `title: Dagaa: hesabu` kitakataliwa.
- Toleo lisilo na nukuu. Ukiandika `version: 1.10` bila nukuu, mashine itaisoma kama desimali na kukupa 1.1, toleo lako la zamani.
- Kuandika jina la mradi mahali pa watu. Waliofanya kazi wana majina. Kijana aliyeandika nusu ya msimbo akiwa mazoezini naye ni mwandishi. Muulize angependa jina lake liandikwe vipi.

Ukilipakia GitHub, kitufe cha kunukuu kitatokea chenyewe pembeni ya ukurasa. Kama una Python, `cffconvert --validate` itakuambia kosa liko wapi.

Hatua ya 7: Tengeneza codemeta.json

CITATION.cff inahusu kutaja. Hili la CodeMeta linaeleza programu kwa mapana zaidi, kwa maneno ambayo katalogi nyingi zinayaelewa. Kuna ukurasa wa bure wa CodeMeta ambapo unajaza fomu na kunakili matokeo, lakini ukiwa huna bando unaweza kuliandika mwenyewe:

```
{
  "@context": "https://w3id.org/codemeta/3.0",
  "@type": "SoftwareSourceCode",
  "name": "Hesabu ya Dagaa wa Mwaloni",
  "description": "Hukadiria uzito wa dagaa kwa mtumbwi kwa usiku.",
  "version": "1.0.0",
  "license": "https://spdx.org/licenses/MIT",
  "programmingLanguage": "R",
  "softwareRequirements": ["R 4.3", "readr", "dplyr"],
  "operatingSystem": ["Windows", "Linux"],
  "developmentStatus": "active",
  "keywords": ["Stolothrissa tanganicae", "Ziwa Tanganyika"]
}
```

Sehemu mbili ziangalie kwa makini. `softwareRequirements` ni orodha ya vinavyohitajika. Usiijaze kwa kukumbuka. Kwenye R endesha `sessionInfo()`, kwenye Python `pip freeze`, kisha chagua vile programu inavyovitumia kweli. Kwenye `operatingSystem` weka tu mifumo uliyojaribu mwenyewe.

`developmentStatus` ni hali ya programu. Maneno yanayotumika ni kama `active` kwa inayoendelea kutunzwa, `inactive` kwa iliyokamilika na imetulia, `abandoned` kwa iliyoachwa. Fedha za mradi zikiisha, badilisha neno hili siku hiyo hiyo. Mtu atakayeona `active` atakuandikia na kungoja jibu.

Ukiwa huna intaneti, kagua faili kwa `python -m json.tool codemeta.json`. Likiwa sawa litachapishwa lote. Likiwa na kosa utaambiwa mstari. Mara tisa kati ya kumi ni mkato uliobaki baada ya kitu cha mwisho.

Hatua ya 8: Ihifadhi mahali pa kudumu

Hapa najibu lile swali la GitHub. GitHub ni karakana. Mwenye akaunti anaweza kufuta folda wakati wowote, na karakana yenyewe inaweza kufungwa: Google Code ilikuwa na miradi mingi mno, nayo ilifungwa mwaka 2016. Unahitaji ghala.

Zenodo inaendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Geneva, tangu 2013, ni bure, na hutoa DOI, yaani namba ya kudumu ya kutajia. Fuata mpangilio huu bila kuuruka:

1. Ingia Zenodo kwa akaunti yako ya GitHub.
2. Katika mipangilio ya GitHub ndani ya Zenodo, washa swichi ya folda yako.
3. Baada ya hapo, nenda GitHub utoe toleo 1.0.0.
4. Rudi Zenodo uangalie kama toleo limefika na DOI imetolewa.

Wengi hutoa toleo kwanza, kisha huwasha swichi na kushangaa Zenodo ikibaki tupu. Toleo lililotoka kabla ya swichi halichukuliwi; itabidi utoe jingine. Ukitaka kufanya mazoezi, Zenodo ina uwanja wa majaribio unaoitwa sandbox, na humo unaweza kukosea upendavyo.

Utapewa DOI mbili. Moja ni ya toleo hilo pekee, nyingine ni ya programu kwa matoleo yake yote. Kwenye makala taja ya toleo, ili msomaji apate msimbo uleule uliotoa jedwali lako. Kwenye bango au ukurasa wa ofisi weka ile ya matoleo yote.

Pamoja na Zenodo, bandika anwani ya folda yako kwenye Software Heritage, ghala lililoanzishwa Ufaransa na taasisi ya utafiti ya Inria mwaka 2016. Huhitaji hata akaunti. Watachukua msimbo na historia yake na kukupa kitambulisho kinachoanza na `swh:1:`.

Hatua ya 9: Ingiza kwenye katalogi

Katalogi ya kwanza iwe ya ofisini kwenu. Jedwali la Eksel linatosha, programu moja mstari mmoja, na safu hizi: jina, sentensi ya utambulisho, waandishi, mtunzaji wa sasa, lugha, toleo, leseni, DOI, hali, mahali msimbo ulipo, na tarehe ya mara ya mwisho mtu aliiendesha ikafanya kazi. Safu hiyo ya mwisho siioni kwenye katalogi nyingi, lakini ndiyo ninayoitazama kwanza.

Kubalianeni maneno ya kutafutia mapema. Mmoja akiandika "uvuvi", mwingine "samaki", wa tatu "fisheries", kila atakayetafuta atapata theluthi ya vitu. Andikeni orodha fupi ya maneno, ibandikeni ukutani, na anayetaka neno jipya alilete kikaoni.

Katalogi za nje zinategemea fani: bio.tools hupokea zana za sayansi ya uhai. Ingiza huko ikiwa programu yako inaweza kumfaa mtu asiye wa mradi wenu. Kama inasoma madaftari yenu peke yake, Zenodo na jedwali la ofisi vinatosha kwa sasa.

Hatua ya 10: Mpe yule mtu wako

Yule asiyewahi kuiona programu, mpe kiungo tu. Kaa pembeni na usiseme neno. Kila anapokuuliza kitu, usimjibu. Kiandike kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo orodha ya yaliyopungua kwenye metadata yako. Ni zoezi gumu kwa sisi tuliolelewa kumsaidia mgeni papo hapo, lakini vumilia nusu saa.

Ikikwama

*Kitufe cha kunukuu hakitokei GitHub.* Angalia jina la faili. Notepad hupenda kuongeza `.txt` mwishoni bila kukuambia. Kisha angalia kama liko kwenye folda kuu, katika tawi kuu.

*Zenodo inaonyesha waandishi tofauti na nilioandika kwenye CITATION.cff.* Huenda folda ina faili la `.zenodo.json` ulilonakili kutoka mradi mwingine. Likiwepo, Zenodo hulifuata hilo na kuliacha CITATION.cff. Lifute au lilinganishe.

*Nimegundua kosa baada ya kuchapisha.* Kosa likiwa kwenye maelezo, fungua rekodi Zenodo urekebishe; DOI haibadiliki. Likiwa kwenye msimbo, toa toleo jipya na uandike kilichobadilika. Usijaribu kuficha toleo la zamani. Kuna mtu ameshalitaja.

*Namba ya toleo inatofautiana kwenye mafaili.* Hutokea ukisahihisha moja na kusahau jingine. Kabla ya kila toleo tafuta namba ya zamani kwenye folda nzima. Wa R ambao msimbo wao ni kifurushi chenye faili la DESCRIPTION wana nafuu: vifurushi vya codemetar na cffr huyazalisha mafaili yote mawili kutoka humo.

*Intaneti inakatika katikati ya kupakia.* Pakia alfajiri, na usiweke takwimu nzito pamoja na msimbo. Takwimu zipewe rekodi yake yenye DOI yake, kisha rekodi mbili zitajane.

*Aliyeandika programu hapatikani.* Jina lake libaki kwenye waandishi, nawe ujiandike kama mtunzaji. Usiipe leseni kwa niaba yake; mtafute kupitia mradi au mwajiri wake wa zamani, na hadi hapo iwe ya matumizi ya ndani. Kila ulichokithibitisha upya kiandike, na useme umekithibitishaje. Skripti ile ya R niliyorithi sasa ina mstari wake kwenye jedwali letu, na kwenye maelezo ya safu ya saa tumeandika hivi: "Daftari ni kwa saa za Kiswahili. 12 ni alfajiri. Tumeuliza mwandishi wa daftari, Kibirizi."